Kiraka Kilichoingia Bila Kugomba

Simu za asubuhi kutoka Kayole nilizijua kabla ya kuzipokea. "Kijana, hii mashine yenu imelala tena." Mama mwenye kibanda cha maji hakuwa na salamu siku kama hizo, na simlaumu. Mashine yenyewe ni kisanduku cha bati kilichofungwa ukutani. Mteja analipa kwa simu, habari ya malipo inaingia kupitia modemu, vali inafunguka, mtungi wa lita 20 unajaa. Ikilala, taa ya kijani inaendelea kuwaka kama kawaida lakini hakuna kinachofunguka, na mitungi ya manjano inapangwa hadi nje ya lango huku mama akitafuta daftari la madeni aliloapa hatalishika tena.

Dawa tuliyompa ilikuwa ya aibu. Chomoa, hesabu mpaka kumi, rudisha.

Tulikuwa na mashine kama arobaini hivi, zimetawanyika Kayole, Dandora na Kariobangi, na kwa miezi kadhaa tuliilaumu stima. Ukilaumu stima Nairobi hakuna atakayekubishia. Stima ilipotulia tukahamia kwa mtandao. Mimi ndiye niliyepewa kutunza kile kilicho chini ya programu zetu, yaani kerneli, ile sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu na kuzungumza na modemu na vali. Ikianguka hiyo, hakuna kingine kinachobaki kimesimama. Kwa hiyo nilikuwa na sababu zangu za kuombea kosa lionekane kwa mtu mwingine.

Kerneli yetu ilikuwa Linux 4.9. Toleo jipya la Linux hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na mengi huachwa baada ya miezi michache, lakini mara moja kwa mwaka huchaguliwa moja la kutunzwa kwa muda mrefu: halipewi mambo mapya, linapewa marekebisho tu. 4.9 lilizaliwa Desemba 2016, likatunzwa hadi Januari 2023, likazikwa likiwa na namba 4.9.337. Hesabu mwenyewe: matoleo madogo 337 ya viraka, yaani vipande vya marekebisho, juu ya msingi uleule.

Letu lakini lilikuwa mtoto wa nje. Kiwanda kilichotengeneza chipu kilichukua 4.9 ikiwa bado changa, kikaongeza maelfu ya mistari yake ya kuendesha saa, umeme na bandari za chipu ile, kikatukabidhi faili moja kubwa, kisha kikahamia chipu nyingine. Mistari ile haikuwahi kupelekwa kwenye mkondo mkuu ambako Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, na wenzake wangeitunza. Ndiyo maana mtu akiniambia "si mpande tu toleo jipya," huwa nacheka kidogo. Nilijaribu. Nilitumia wiki sita, na bodi haikutoa hata herufi moja kwenye kebo ya siria, ile ya kusomea ujumbe wa kerneli. Kununua bodi mpya arobaini, bosi alisema, tungoje kwanza wanaodaiwa walipe.

Kilichobaki ni kuchukua rekebisho lililoandikwa kwa ajili ya kerneli ya leo na kulirudisha nyuma mpaka kwenye kerneli ya 2016. Wenyewe tunasema kubakipoti.

Wanaotunza matawi ya zamani, yaani yale matoleo ya muda mrefu, ambao Greg Kroah-Hartman ndiye anayejulikana zaidi, wana masharti yao. Kiraka kisizidi mistari 100, ukihesabu na ile ya jirani inayoonyesha mahali pake. Kirekebishe jambo linalosumbua watu kweli. Habari ya "huenda siku moja ikaleta shida" haiwatoshi. Na kiwe kimeshaingia kwenye mkondo mkuu kwanza. Hili la mwisho niliwahi kuliona kama urasimu wa kizungu, mpaka nilipokutana na mteja ambaye fundi wake wa awali alikuwa akirekebisha tawi la zamani peke yake. Kila walipohamia toleo jipya, hitilafu walizokwisha kuziua zilifufuka, kwa sababu huko mbele hakuna aliyewahi kusikia habari zake. Sharti hilo linazuia maiti kurudi nyumbani.

Mwandishi wa kiraka husaidia kwa kuweka mstari mmoja chini ya maelezo yake, unaoanza na neno "Fixes", kisha herufi kumi na mbili za kutambulisha badiliko lililoleta kosa. Mstari huo kwangu ni dhahabu. Unaniambia kama kosa lilizaliwa kabla ya 4.9 au baada yake. Machi 2022 Max Kellermann alipotangaza udhaifu ulioitwa Dirty Pipe, simu zilipigwa mji mzima. Mimi nilisoma maelezo, nikaona umeanzia 5.8, nikaenda kula chapati. Uzee nao una faida zake, ingawa si nyingi.

Kosa letu halikuwa na bahati hiyo.

Nilishuka Luthuli Avenue nikanunua kebo nyingine ya siria, ya kwanza ikiwa imekatika kwa kuvutwavutwa, nikaiweka mezani mashine moja iliyorudishwa kutoka Dandora. Nikaandika hati fupi, programu ndogo ya kuikatia modemu umeme na kuirudishia, tena na tena, kama stima ya mwezi wa Aprili. Kuna chombo kizuri cha kunasa makosa ya kumbukumbu kinachoitwa KASAN, lakini kwa chipu za ARM za biti 32 kama yetu kiliingia kwenye 5.11, miaka minne baadaye. Nikatumia mbinu ya kale: unaiambia kerneli kwamba kila kipande cha kumbukumbu kinachorudishwa kipakwe baiti 6b. Mtu akija kukitumia baada ya kurudishwa, utaiona rangi mikononi mwake. Usiku wa pili, saa saba na nusu, skrini ikaandika kwamba kerneli imejaribu kusoma anwani 6b6b6b6b. Nilipiga kelele, mlinzi wa jengo akaja kuuliza kuna nini.

Kuna nini, niliposoma draiva ya modemu, yaani mistari ya kerneli inayoiendesha, kilikuwa hiki. Chukulia chumba cha kupanga chenye saa ya kengele na mfanyakazi mmoja. Kengele ikilia, mfanyakazi anaamka, anaangalia hali ya modemu, kisha anaitega kengele upya na kurudi kulala. Modemu ikichomolewa, draiva inatakiwa kuhama: izime kengele, ingoje mfanyakazi amalize, irudishe chumba. Draiva ilifanya hivyohivyo, kwa mpangilio huohuo. Tatizo ni kwamba kengele ilizimwa wakati mfanyakazi yuko katikati ya kazi, naye, bila kujua kuna kuhama, akaitega upya alivyozoea. Chumba kikarudishwa, kikapangishwa mwingine, na usiku wa manane kengele ikalia kitandani mwa mpangaji mpya. Katika kerneli, mpangaji huyo anaweza kuwa kitu chochote. Kwetu mara nyingi alikuwa ndiye anayeshughulikia vali.

Kwenye mkondo mkuu nikakuta kosa hilo limeshaonekana na kurekebishwa kwa mistari michache. Walibadilisha mwito mmoja: badala ya del_timer_sync wakaweka timer_shutdown_sync. Ule wa kwanza unazima kengele na kungoja mlio unaoendelea umalizike, lakini yeyote anaweza kuitega tena. Huu wa pili unang'oa betri. Baada yake, mfanyakazi atatega mpaka achoke na hakuna kitakacholia.

Nikakileta kile kiraka kwenye 4.9 yetu. Git, chombo kinachotunza historia ya mistari yetu, ikakataa, kwa sababu mistari ya jirani ilikuwa tofauti. Nikapanga kwa mkono. Kompaila nayo ikakataa: timer_shutdown_sync haipo. Iliingia kwenye Linux 6.2, lililotoka Februari 2023, mwezi mmoja baada ya 4.9 kuzikwa. Dawa ilifika matanga yakiwa yameanuliwa. Kuiona tu tarehe hiyo kulinitoa jasho, maana kuuleta mwito huo wenyewe kungenilazimu kugusa kiini cha taima, yaani kengele zote, za kerneli nzima, na sharti la mistari 100, ingawa hakuna aliyekuwa akinisimamia, lilikuwa limeniingia damuni.

Basi nikaandika la kwangu. Niliweka alama, tuseme karatasi mlangoni iliyoandikwa "tunahama". Mfanyakazi kabla ya kutega kengele asome mlango kwanza. Mistari minne. Nikaendesha hati yangu ya kukata umeme kwa siku tatu mfululizo, mara elfu kadhaa, bila kuanguka. Nikatuma kiraka kwa mashine tano, nikajipongeza kwa mutura pale kona ya stejini.

Siku ya kumi na moja simu ikalia. "Kijana." Akanyamaza hapohapo, na mimi nikajua.

Nimeisoma mistari ile minne mara nyingi tangu siku hiyo. Mfanyakazi anasoma mlango, hakuna karatasi. Mkono wake unaelekea kwenye kengele. Katikati ya hapo, draiva inabandika karatasi, inaizima kengele ambayo kwa wakati huo haijategwa, inaingoja kazi imalizike. Mfanyakazi anamalizia mkono wake: anatega. Chumba kinarudishwa. Kosa ni lilelile, ila nilikuwa nimelibana kwenye mwanya mwembamba kiasi kwamba meza yangu ya Ngong Road haikuweza kulifikia, na Kayole, penye mtandao wa kusuasua na jua la saa nane juu ya bati, ikalifikia kwa siku kumi na moja. Kusoma mlango na kutega kengele vilitakiwa kuwa jambo moja chini ya kufuli moja, na kubandika karatasi kuwe chini ya kufuli hilohilo. Mistari mingine sita. Nilikwenda kuiweka mwenyewe, kwa matatu, nikiwa na laptopu kwenye mkoba wa shule wa mpwa wangu ili nisiporwe.

Watu hudhani kazi hii ni ya kuhamisha mistari. Nilidhani hivyo pia. Mistari yenyewe ni ganda tu. Aliyekiandika kiraka cha awali alikuwa amesimama juu ya ahadi kadhaa ambazo hakuziandika, kwa kuwa katika kerneli yake zilikuwa ukweli: kwamba betri inang'oka, kwamba mwito fulani unarudisha namba na haubadilishi kitu kingine, kwamba kufuli fulani limeshashikwa kabla hujafika hapo. Mimi nahamisha mistari na ahadi zinabaki kule.

Na hiki chetu kilikuwa kiraka cha heshima. Kiligomba. Git ilikigomea, kompaila ikakigomea, nikalazimika kukaa chini kukifikiria, na bado nikakosea. Vile vinavyoingia kimyakimya ndivyo vilivyoninyima usingizi baadaye, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nimeshavuta kwenye mti wetu, yaani nakala yetu ya kerneli, mamia ya viraka kutoka 4.9 rasmi, vile ambavyo kiwanda hakikujisumbua navyo, na vingi vilikaa bila mgongano wowote. Nilikuwa nimefurahi. Sasa nikaanza kujiuliza ni vingapi vimekaa juu ya mistari ya kiwanda ambayo mwandishi wake hakuwahi kuiona.

Kama unaona nahofia jini la kufikirika, rudi nyuma Novemba 2023. Tawi la 6.1, ambalo Debian 12, mfumo endeshi wa Linux, inalitumia, lilipokea kwenye 6.1.64 kiraka cha ext4, mfumo wa faili unaotumika kwenye seva nyingi unazozijua. Kilikuwa kiraka kizuri, kilichorekebisha jinsi ukubwa wa faili unavyohifadhiwa baada ya aina fulani ya uandishi wa moja kwa moja kwenye diski. Kiliingia safi. Shida ni kwamba kwenye mkondo mkuu kilimkuta mwenzake, badiliko dogo katika sehemu nyingine kabisa ya kerneli, iomap, lililohusu ni lini alama ya "tumefika wapi kwenye faili" isogezwe. Mwenzake huyo alikuwa ameingia kwenye 6.5. Kwenye 6.1 hakuwapo, na hakuna chochote katika kiraka kilichomtaja. Alama ikasogezwa kupita inapostahili, na data iliyofuata ikaandikwa mahali pasipo pake. Faili zikaharibika, na hakuna kilichoanguka wala kulalamika. Debian walikuwa katikati ya kutoa 12.3, wakasimamisha, wakatoa 12.4 tarehe 10 Desemba wakiwa na kerneli 6.1.66 iliyokuwa imerekebishwa.

Wale si wanafunzi. Ni watu waliofanya kazi hii tangu 2005, wenye mashine za kujaribu zilizotapakaa dunia nzima. Niliposoma habari hiyo nilifunga laptopu nikaenda kutembea hadi Adams Arcade na kurudi.

Mambo mengine yao hunichekesha, na hili nalo nilieleze kwa kuwa linatuhusu sisi wa 4.9. Namba ya mwisho ya toleo, ile ya tatu, ndani ya kerneli ilihifadhiwa kwa biti nane, ambazo haziwezi kuhesabu kupita 255. Hakuna aliyewazia kwamba tawi moja lingetunzwa mpaka marekebisho 256. Februari 2021 matawi mawili, 4.4 na 4.9, yakafika hapo pamoja. Kwa hesabu ya zamani 4.9.256 ingejitambulisha kuwa 4.10.0, toleo lililokuwa limekufa zamani. Wakaamua namba hiyo ya ndani isimame kwenye 255 hata toleo likiendelea. Kwa hiyo ukiiuliza kerneli yetu kwa njia fulani itakuambia umri wake ni 255, kama shosho aliyeacha kuhesabu miaka.

Uchovu wa kubeba matawi miaka mingi hivyo ndio uliowafanya wafupishe muda. Mwaka 2017 walikuwa wameongeza muda wa kutunza kutoka miaka miwili hadi sita, wakiwafikiria zaidi watengenezaji wa simu. Septemba 2023, huko Bilbao, Uhispania, Jonathan Corbet, mwandishi wa habari za kerneli, akatangaza kwamba matawi mapya yatarudi kwenye miaka miwili. Matawi yale ya kale hayakuwa yakitumiwa na watu wa kutosha, na walioyabeba walikuwa wachache na wamechoka. Nilikasirika nilipoisoma. Vifaa vyetu huku vinaishi miaka kumi, kumi na miwili. Friji ya mamangu ina umri kunizidi. Lakini ukiniuliza kama niliwahi kuwapelekea hata ripoti moja ya "nimejaribu toleo hili kwenye bodi yangu, limewaka", jibu ni hapana. Nilikuwa mlaji tu. Hasira ikaisha yenyewe.

Mkaguzi, dada mmoja, alikuja mwaka uliofuata, kutoka kwa sacco moja iliyotaka kununua mashine. Alikuwa na skana inayosoma namba ya toleo na kulilinganisha na orodha ya udhaifu unaojulikana. Kwetu karatasi ilitoka nyekundu kama shuka la Mmasai. Skana haijui kilichorudishwa nyuma. Inasoma jina mlangoni na kuondoka. Tena tangu Februari 2024 wenye kerneli wanatoa wenyewe namba za CVE, zile za kutambulisha udhaifu, na marekebisho mengi sana yanapewa yake, kwa hiyo orodha ilikuwa na kurasa ambazo hakuna mtu angezimaliza. Nyingi zilihusu kadi za video na mifumo ya faili ambayo mashine ya maji haina.

Nilianza kumweleza, sauti ikapanda kidogo, akainua mkono. "Kaka, mimi nakuamini. Lakini ofisini kwangu siwezi kuandika kwamba nimekuamini. Nionyeshe."

Sikuwa na cha kumwonyesha. Viraka vyangu vya mwanzo niliviingiza nikiwa na haraka, na maelezo yake ni ya aina ya "rekebisha modemu" na "jaribio la mwisho, kweli". Hakuna kilichosema kimetoka badiliko lipi la mkondo mkuu, wala nimegeuza nini. Git ina njia ya kuandika asili ya kiraka yenyewe unapokileta, herufi moja tu ya kuongeza kwenye amri, na sikuwa nikiitumia. Nilitumia wiki tatu kuvitafutia viraka vyangu wazazi wao. Viwili sikuwapata wazazi mpaka leo; nadhani niliviandika mwenyewe usiku nikasahau. Kimoja nilikuta mzazi wake alishaondolewa kwenye mkondo mkuu kwa sababu alileta kosa kubwa kuliko lile alilorekebisha, na sisi tulikuwa bado tunaishi naye. Yule dada sikumwambia hilo siku ile. Nilimwambia wiki iliyofuata, kikiwa kimeshatoka, naye akaandika kwenye daftari lake bila kuinua uso.

Siku hizi kila kiraka kina asili yake juu na, chini, mabano madogo ya kusema nilichogeuza. Cha taima kinasema: 4.9 haina timer_shutdown_sync. Alama na kufuli vimetumika badala yake. Jaribio la kwanza bila kufuli lilianguka Kayole. Bosi alitaka nifute neno Kayole. Nimeliacha.

Mama wa kibanda hajapiga simu kwa muda sasa, isipokuwa mara moja kuuliza kama mashine inaweza kutofautisha mtungi wa lita 20 na ule wa 22 ambao vijana wamegundua. Haiwezi.

Jumatatu nimeleta kiraka kipya, cha draiva ya bandari ya USB. Mistari kumi na minne. Mkondo mkuu kimekaa tangu mwaka jana na hakuna aliyelalamika. Nilipokileta kwenye mti wetu, Git haikusema kitu, kompaila haikusema kitu, na hati yangu imekata umeme usiku kucha na mashine bado imesimama. Sijakituma.